Zana za Fundi na Safari za Angani

Katika visiwa vyetu hapana kazi ya mikono isiyokuwa na zana zake. Seremala ana randa, patasi na msumeno; mwashi ana mwiko, timazi na pima maji; fundi wa majahazi ana tezo, keekee na nyundo ya kukalafatia; fundi wa umeme ana koleo na bisibisi. Zana hizi si mali kama mali nyingine. Aghalabu zimenunuliwa moja moja kwa akiba ya miezi mingi, au zimerithiwa kutoka kwa mzee aliyemfundisha mwenyewe kazi, na mipini yake imekwisha kuzoea kiganja cha mtu mmoja. Kwa hiyo mtu anayemwondolea fundi zana zake, hata akiwa anafanya hivyo kwa haki na kwa mujibu wa sheria, amemwondolea chakula cha watoto wake mpaka hapo atakapopata nyingine.

Jambo hili linafaa kuzungumzwa kwa sababu njia za safari zimebadilika. Zamani fundi aliyeitwa kufanya kazi kisiwa cha pili alitia sanduku lake ndani ya chombo, akaketi juu yake, akateremka nalo. Hakuna aliyemwuliza urefu wa patasi. Siku hizi mafundi wa Unguja na Pemba wanaitwa kufanya kazi Dar es Salaam, Mafia, Ngazija na hata Maskati, na mwenye kazi hupenda waende kwa ndege ili wasipoteze siku. Fundi hukata tiketi, hufunga mkoba wake kama alivyozoea kuufunga kwa safari ya bahari, na hufika kiwanjani akiwa hana habari kwamba mkoba huo una vitu ambavyo haviruhusiwi kuingia pamoja naye ndani ya ndege. Hapo ndipo matatizo huanza. Foleni ni ndefu, saa ya kuondoka imekaribia, mzigo wake mkubwa umekwisha pokelewa, na mkaguzi anamwambia achague baina ya zana zake na safari yake.

Hapana budi tuseme wazi kwamba mkaguzi huyo hafanyi ukorofi. Amri anayoitekeleza ina historia, nayo ni historia ya maisha ya watu.

Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ulitiwa saini mjini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, na kutokana na mkataba huo likaundwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Wakati ule hofu kubwa ilikuwa ni hali mbaya ya hewa na uharibifu wa mitambo, si abiria. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 utekaji nyara wa ndege ulienea duniani, hata ikalazimu mwaka 1974 kupitishwa Kiambatisho cha 17 cha mkataba ule, ambacho kinahusu ulinzi wa usafiri wa anga dhidi ya vitendo vya uhalifu. Tangu hapo kila nchi mwanachama imebeba dhamana ya kuhakikisha kwamba abiria haingii ndani ya ndege na silaha, wala na kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa silaha.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania, Boeing 737, iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilitekwa nyara na kupelekwa Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwisho ikatua kiwanja cha Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Abiria waliodhani wanakwenda safari fupi ya ndani ya nchi walijikuta wakizungushwa mabara matatu wakiwa mateka.

Kisha ikaja tarehe 11 Septemba 2001 huko Marekani, ambapo ndege nne zilitekwa kwa siku moja na karibu watu 3,000 wakapoteza maisha. La kuzingatiwa na fundi ni kuwa watekaji wale hawakuhitaji bunduki wala mizinga. Miongoni mwa vitu walivyotumia ni visu vifupi, na wakati huo sheria za Marekani ziliruhusu abiria kuingia ndegeni na kisu ambacho makali yake hayafiki inchi 4. Kwa maneno mengine, kitu ambacho siku moja kabla yake kilikuwa ni zana ya kawaida, siku hiyo kilikuwa silaha ya maafa. Ndiyo sababu mkaguzi wa leo haitazami nia ya mwenye patasi. Hawezi kuiona nia. Anaitazama patasi yenyewe, na anajiuliza ingeweza kufanya nini mkononi mwa mtu mwingine.

Sasa tutazame amri zenyewe zinasema nini, maana kutokuzijua ndiko kunakoleta hasara.

Kanuni za nchi za Umoja wa Ulaya zinakataza kuingia ndegeni na zana yoyote ya kazi yenye makali au shina linalozidi sentimita 6 ikiwa inaweza kutumiwa kama silaha, na zinataja bisibisi na patasi kuwa mifano. Uingereza nayo ina mpaka huo huo wa sentimita 6. Mitaimbo, misumeno, keekee na mashine za kutobolea, pamoja na zile zinazotumia betri, hazikubaliwi kabisa katika mzigo wa mkononi. Marekani ina kipimo kingine: zana ya mkono isiyozidi inchi 7, yaani kama sentimita 18, kutoka ncha hadi ncha, inaweza kukubaliwa, iliyozidi hapo hukataliwa, na mashine za umeme hukataliwa zote. Nyundo na misumeno haiingii.

Msomaji ataona mara moja ugumu uliopo. Bisibisi ya sentimita 15 inaweza kupita katika kiwanja cha New York na ikazuiliwa London. Fundi anayebadilisha ndege njiani anaweza kukaguliwa mara ya pili, na zana iliyopita kiwanja cha kwanza ikachukuliwa kiwanja cha pili, mahali ambapo hana ndugu wala jamaa wa kumkabidhi. Isitoshe, kila mahali mkaguzi amepewa mamlaka ya kukataa kitu ambacho yeye anakiona ni cha hatari, hata kama kipimo chake hakikufika. Kwa hiyo fundi hana haja ya kukariri orodha za mataifa yote. Yamtosha kushika kanuni moja isiyomwangusha popote: zana zote, ndefu na fupi, kali na butu, ziingie katika mzigo unaokabidhiwa shirika la ndege na kuwekwa chumba cha mizigo. Mkononi asichukue hata kisu cha kuchongea penseli.

Kanuni hiyo ina sharti moja linaloipinga, nalo ni muhimu kwa kuwa mafundi wengi sasa wameacha keekee ya mkono na kutumia mashine za betri. Betri hizo ni za lithiamu. Mashine yenyewe huenda chumba cha mizigo, lakini betri zake za akiba haziruhusiwi kwenda huko. Lazima zichukuliwe mkononi. Wengi hulichanganya jambo hili, wakadhani betri ni sehemu ya zana na hivyo ifuatane nayo.

Sababu yake ni hii. Betri ya lithiamu ikiharibika, au ncha zake mbili zikigusana na msumari au ufunguo, huweza kupata joto kali na kuwaka, na moto wake huenea kutoka seli moja hadi nyingine. Ukitokea ndani ya ndege walipo abiria, wahudumu watauona moshi na kuuzima kwa maji. Ukitokea chumba cha mizigo, hakuna mtu wa kuufikia. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliyoondoka Dubai kwenda Cologne ilishika moto angani ikiwa imebeba shehena kubwa iliyokuwamo betri za lithiamu. Marubani walijaribu kurudi Dubai, moshi ukawajaa hata wasione vyombo vyao, ndege ikaanguka na wote wawili wakafa.

Kiasi cha betri kinachoruhusiwa hupimwa kwa wati-saa, na hesabu yake si ngumu kwa aliyepita skuli: zidisha volti kwa ampea-saa, namba ambazo huandikwa kwenye gamba la betri. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, nayo iko chini ya mpaka wa 100, hivyo huruhusiwa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 6 ni wati-saa 108. Hiyo inahitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari, na abiria hawezi kuchukua za akiba za namna hiyo zaidi ya mbili. Betri ya volti 18 na ampea-saa 9 ni wati-saa 162, nayo imepita mpaka wa 160, kwa hiyo haisafiri na abiria kwa njia yoyote. Kila betri ifunikwe ncha zake kwa utepe wa kuzuia umeme, au itiwe katika mfuko wake peke yake. Betri iliyovimba au kupasuka iachwe nyumbani.

Viko vitu vingine ambavyo havikubaliwi mkononi wala chumba cha mizigo. Mtungi wa gesi wa kuchomelea, tina la rangi ya mafuta, spiriti ya kuyeyushia rangi, gundi inayowaka moto, makopo ya mafuta ya kupulizia na risasi za bunduki ya misumari, vyote hivi ni hatari na vitatolewa ndani ya sanduku hata likiwa limefungwa. Msumeno wa mashine na mashine ya kufyekea majani, ikiwa zimewahi kutiwa petroli, huweza kukataliwa hata kama tangi ni tupu, kwa kuwa mvuke wa petroli hubaki. Vitu vya namna hii vinunuliwe huko huko kazini, au vitafutiwe njia ya bahari kwa masharti yake.

Baada ya kujua kinachokwenda na kisichokwenda, lipo suala la kufunga. Fundi mwema hujulikana kwa jinsi anavyoweka zana zake, na katika safari ya ndege utaratibu huo una faida mara tatu.

Faida ya kwanza ni usalama wa watu. Makali ya patasi, tezo na msumeno yavikwe ala, au yafungwe kwa kipande cha ngozi, mpira au kitambaa kizito kilichokazwa kwa kamba. Mkaguzi anayetia mkono ndani ya sanduku ni mfanyakazi mwenzetu. Hana haki ya kukatwa vidole kwa uvivu wa mwenye mzigo. Kadhalika mpagazi anayebeba begi begani asichomwe na ncha iliyotoboa turubai.

Ya pili ni wepesi wa ukaguzi. Chuma kilichorundikwa juu ya chuma huonekana katika mashine ya eksirei kama bonge moja jeusi, na mkaguzi asiyeweza kutambua kilichomo hulazimika kulifungua. Zana zikipangwa safu kwa safu, kila moja katika mfuko wake, huonekana kwa umbo lake na mzigo hupita. Juu ya zana iwekwe karatasi yenye jina la mwenyewe, simu yake, na orodha ya vilivyomo. Na orodha ya pili abaki nayo mwenyewe, pamoja na picha aliyoipiga kwa simu kabla ya kufunga sanduku. Anayevuka mpaka wa nchi achukue pia risiti za zana zake kama anazo, asije akadaiwa kodi wakati wa kurudi kama mtu aliyenunua bidhaa ng'ambo.

Ya tatu ni uzito. Chuma hakina huruma katika mizani. Randa moja ya chuma yaweza kuzidi kilo moja na nusu, na nyundo, koleo, spana na patasi zikikusanyika, sanduku dogo huwa zito kuliko gunia la nguo. Ndege kubwa nyingi humpa abiria wa daraja la kawaida kilo 23 kwa kila mzigo, na mzigo mmoja uliozidi kilo 32 kwa kawaida haupokewi, ili kuwalinda migongo wapagazi. Katika ndege ndogo zinazoruka baina ya visiwa vyetu kiasi cha kilo 15 ni cha kawaida, na hapo si suala la ada tu. Ndege ya injini moja yenye abiria wapatao 12 hupangwa kwa uzito na mizani yake: rubani huhesabu watu, mafuta na mizigo, na kilo 20 zilizozidi na kuwekwa nyuma zina maana kwake. Katika ndege hizo pia hakuna mlango baina ya rubani na abiria. Yeye ameketi hatua chache mbele yao. Anayenung'unika kwamba safari ya nusu saa kwenda Pemba haistahili ukaguzi wa namna hiyo alifikirie hilo.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa fundi wa safari za visiwani ni kuzigawa zana zake. Nzito, kama jiriwa, mitaimbo na nyundo kubwa, zitangulie kwa meli siku moja au mbili kabla, zikapokelewe na mtu anayeaminika. Zile chache za thamani, zinazohitaji uangalizi, zifuatane naye katika mzigo uliokabidhiwa shirika la ndege. Na afike kiwanjani mapema, akiwa bado na nafasi ya kurekebisha kosa kabla sanduku lake halijachukuliwa.

Na mzigo ukipotea? Kwa safari za nje ya nchi upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Mzigo ulioharibika uandikiwe malalamiko ndani ya siku 7 tangu kupokewa. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Na ambao haukufika baada ya siku 21 huhesabiwa umepotea. Fidia ina mpaka wake, nao tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria, isipokuwa mwenyewe awe ametangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia ada yake. Safari za ndani hufuata masharti yaliyoandikwa katika tiketi, na ni wajibu wa msafiri kuyasoma. Lakini katika hali zote mbili asiyekuwa na orodha wala picha hana cha kuthibitisha, na dai lake litabaki kuwa maneno matupu.

Tumesema na mafundi kwa kirefu. Haki haitatimia tusiposema pia na wenye dhamana.

Sheria inamlazimu mkaguzi kuzuia patasi isiingie ndani ya ndege. Kumwacha mwenye patasi aijue sheria hiyo pale tu anapofika kwenye mashine ni jambo jingine, wala halilazimishwi na sheria yoyote. Pana mambo matatu ambayo wakuu wa viwanja, mashirika ya ndege na mawakala wao wanaweza kuyatekeleza bila ya gharama kubwa.

Kwanza, abiria aelezwe wakati anakata tiketi, kwa Kiswahili fasaha na kwa maandishi makubwa, ni vitu gani haviingii mkononi na ni vipi haviingii kabisa. Mabango yenye picha za visu na bunduki hayamtoshi fundi, kwa sababu yeye hajioni kuwa amebeba silaha. Aone picha ya bisibisi, ya tezo na ya betri ya mashine. Hapo ataelewa kwamba anaambiwa yeye.

Pili, aulizwe kwa mdomo pale anapokabidhi mzigo: "Ndugu, umechukua zana zozote za kazi mkononi?" Swali hilo moja linachukua muda mfupi kuliko kufungua mkoba mbele ya foleni nzima, na linakuja wakati sanduku lake bado liko mbele yake.

Tatu, zana iliyokutwa mlangoni isiwe na njia moja tu, nayo ni pipa. Mwenyewe aruhusiwe kurudi kaunta na kuikabidhi iwekwe chumba cha mizigo maadamu muda upo, au kumpa jamaa aliyemsindikiza, au kuiacha kwa stakabadhi ili aichukue atakaporudi. Zana iliyochukuliwa iandikwe katika daftari, na ijulikane mwisho wake. Hilo litamlinda msafiri asidhulumiwe, na litamlinda mkaguzi mwaminifu asitiliwe shaka. Katika maofisi yetu shaka nyingi za wananchi huzaliwa na kukosekana kwa daftari, si kukosekana kwa uaminifu.

Tunasema haya tukijua kwamba kazi ya ukaguzi ni nzito na shukrani zake ni chache. Ndege inapofika salama hakuna anayemkumbuka aliyesimama mlangoni. Lakini lugha njema haipunguzi ulinzi hata chembe. Mkaguzi anayeeleza sababu hupata msaada wa abiria. Anayefoka hupata ubishi, na ubishi huchosha macho yanayotakiwa kuwa wazi.

Hawa mafundi wawili, wa zana na wa ulinzi, wanategemeana. Mmoja hujenga nyumba, skuli na majahazi. Mwingine humfikisha mwenzake kazini akiwa hai. Fundi na ajifunze kufunga mzigo wake kwa sheria, na mtumishi wa umma na ajifunze kumweleza kabla ya kumzuia. Kila chama cha mafundi, kila skuli ya amali na kila ofisi inayopeleka wafanyakazi kisiwa cha pili iweke jambo hili katika maelezo yake ya safari, tena kabla ya siku ya safari. Gharama yake ni karatasi moja na maneno machache, na hasara itakayoepukwa ni ya mtu ambaye hana kingine cha kumlisha isipokuwa mikono yake na zana zake.